Mstari wa Msitu

Nguzo ya mtarakwa ikichimbiwa vizuri huishi kuliko aliyeichimbia. Mchwa hawaipendi, na maji ya mvua huchukua miaka mingi kuufikia moyo wake. Ndiyo maana katika vijiji vinavyouzunguka Mlima Meru, kuanzia Ngaramtoni hadi Leguruki, bado unaweza kukuta zizi la ng'ombe au uzio wa kihamba (shamba la nyumbani) uliosimamishwa na babu ambaye wajukuu hawakuwahi kumwona. Ikwangue nguzo hiyo kidogo kwa panga. Chini ya ule ujivujivu wa jua na mvua kunatokea wekundu, na harufu yake ni ya penseli iliyochongwa sasa hivi, kwa kuwa mbao za mti huuhuu zilitengeneza penseli za watoto wa shule kwa miongo mingi.

Mtarakwa una tabia nyingine ambayo sisi wa mjini Arusha hatuizungumzii. Mche wake haukui kivulini. Unahitaji jua, na mara nyingi unahitaji moto uwe umepita kwanza, uue miti ya majani mapana na kuacha udongo mtupu. Mitarakwa huota kwa wingi baada ya janga, ikakua pamoja, ikazeeka pamoja. Kwa hiyo mtu anaposimama chini ya mitarakwa mikubwa ya mteremko wa kaskazini, iliyojaa ndevu za kuvumwani, akasema huu ni msitu ambao haujapata kuguswa, amesimama juu ya majivu ya zamani.

Natanguliza jambo hili kwa sababu tumezoea kuuzungumzia msitu wa Meru kana kwamba uko nje ya historia: asili kule juu, watu huku chini, na katikati askari wa hifadhi. Ninavyoelewa mimi, ule mstari wa kijani kilichoiva tunaouona kila asubuhi tukiwa Sakina au Kijenge, pale mashamba yanapokoma na miti mikubwa inapoanza, umechorwa na watu. Umechorwa kwa mwiko, kwa bunduki, kwa ramani na kwa tangazo la serikali, na kila aliyeuchora alikuwa na lake alilolitaka kutoka msituni.

Mlima wenyewe una historia ya kuporomoka. Maelfu ya miaka iliyopita ukuta wake wa mashariki ulibomoka, ukamwaga mawe na tope mbali kuelekea Kilimanjaro. Maziwa ya Momella yamekaa kwenye mabonde ya kifusi hicho, na vilima vidogo unavyovipita ukielekea Ngare Nanyuki ni mabonge ya mlima wa zamani. Mlipuko wa mwisho, mdogo tu, ulitokea mwaka 1910. Kilele kilichobaki kina mita 4,566, na mvua za Bahari ya Hindi huukuta kwanza uso wake wa kusini na kusini-mashariki. Huko ndiko uliko msitu mzito: mikuyu, miruka na misesewe upande wa chini, podo na loliondo ukipanda, kisha ukanda wa mianzi ambao Kilimanjaro, pamoja na ukubwa wake wote, hauna mfano wake. Kaskazini, mlima unakozuia mvua, mtarakwa ndio unaotawala.

Masimulizi ya Wameru yanawataja Wakoningo, wawindaji na warina asali, kuwa ndio waliokutwa msituni. Wameru walifika kutoka mashariki miaka 300 au zaidi iliyopita, wakafyeka upande wa kusini-mashariki na kupanda migomba. Waarusha, wanaozungumza Kimaa lakini ni wakulima, walikuja miaka ya 1830 kutoka Arusha Chini, kusini ya Kilimanjaro, wakaanzia upande wa kusini-magharibi. Kati ya majirani hawa palikuwa na msitu. Kila rika la vijana lilipofika umri wa kuoa lilitaka viwanja, na viwanja vilipatikana kwa shoka, juu kidogo ya vile vya baba zao, au pembeni, kuelekea kwa jirani. Msitu wa katikati ukaisha hivyo, kizazi baada ya kizazi.

Tusiwapambe wazee wetu kupita kiasi. Walifyeka, tena kwa bidii. Lakini walichofyeka walikigeuza kihamba, na kihamba nacho kina miti. Miringaringa na miruka iliachwa imesimama juu ya migomba, na kahawa ilipokuja iliingia chini ya kivuli hichohicho. Mzinga uliochongwa kutoka gogo la mringaringa ulitundikwa juu ya mringaringa mwingine, na nyuki wake walichuma maua ya kihambani na ya msituni bila kubagua. Mtu aliyepanda kutoka nyumbani kwake kwenda kutafuta fito, dawa au asali alitoka kwenye kivuli kimoja akaingia kingine. Maji nayo yalishuka njia hiyo, yakikingwa kwenye mifereji iliyochimbwa kwa mkono, na mfereji ulikuwa na wazee wake, zamu zake na faini zake.

Yalikuwapo maeneo ya mwiko, na mwiko huo ulikuwa mkali kuliko faini yoyote ya bwana misitu. Chukua oreteti, mti wa jamii ya mkuyu ambao Waarusha na Wamasai huuendea kuomba mvua, uzazi na amani. Oreteti huanza maisha yake juu. Ndege au mbega anakula tunda, anaiacha mbegu kwenye panda la mti mwingine, mche unachipua hukohuko kwenye majani makavu yaliyonasa. Mizizi inateremka kandokando ya shina la mwenyeji, myembamba mwanzoni, na ikishagusa udongo inanenepa haraka. Inakutana, inashikana, inaungana kabisa mpaka huwezi kusema huu ni mzizi upi. Mti wa ndani unafungwa, unakufa, unaoza, na baada ya miaka mingi kinachobaki ni shina lenye uwazi katikati, ambamo mtu mzima anaweza kuingia na kusimama. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, kwenye barabara inayopanda kuelekea kreta ya Meru, uko mti wa jamii hiyo ambao mizizi yake imeacha lango kubwa kiasi cha kupitisha gari. Watalii hushuka kupiga picha. Wazee waliopita njia hiyo kabla ya kuwapo barabara walikuwa na sababu nyingine za kusimama hapo.

Mwiko uliukinga mti mmoja, chemchemi moja, kichaka kimoja cha maombi. Haukuuzungushia mlima mzima mpaka. Hilo lililetwa na watu waliokuja na vyombo vya kupimia, na walitanguliwa na bunduki.

Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Kilutheri, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri. Kapteni Kurt Johannes wa jeshi la Kijerumani, aliyekuwa na kikosi chake Moshi, alikuja Meru na askari wake pamoja na wapiganaji wa Kichaga. Mifugo ilitekwa, migomba ikakatwa na kuchomwa, na kukata migomba kihambani ni kumwambia mtu kwamba hata watoto wake hawatakiwi pale. Kufikia mwaka 1900 boma la Arusha lilikuwa limesimama, limejengwa kwa nguvu za Waarusha na Wameru walioshurutishwa. Ni jengo hilihili ambalo leo ni Makumbusho ya Elimu Viumbe, mwishoni mwa Barabara ya Boma. Mwaka 1904 serikali ya Kijerumani ilitoa amri ya kuhifadhi misitu ya koloni. Wakati huohuo walowezi walikuwa wanaanza kugawiwa ardhi kuuzunguka mlima, wakiwemo Makaburu waliotoka Afrika Kusini baada ya vita yao na Waingereza.

Wajerumani walikuwa na sababu zao za kuutaka msitu ubaki, na baadhi zilikuwa za kweli. Mashamba makubwa ya kahawa yalihitaji mito isiyokauka, na mbao zilikuwa mali. Kule Usambara kampuni ya Wilkins & Wiese ilifikia kujenga njia ya kamba za chuma kuteremsha magogo ya mtarakwa kutoka Shume hadi bondeni, jirani na reli. Msitu uliohesabiwa kwa mita za ujazo ulistahili kulindwa dhidi ya mtu mwenye shoka moja.

Hapo ndipo Wameru na Waarusha walipojikuta wamebanwa. Chini yao, mkanda wa mashamba ya walowezi uliokata njia za kwenda malishoni na kwenye magadi. Juu yao, msitu wa akiba. Rika lililofuata lilipotaka viwanja halikuwa na pa kupanda wala pa kuteremka. Vihamba vikaanza kugawanywa kati ya ndugu, kisha kati ya watoto wa ndugu, na tangu hapo havijaacha kugawanywa. Ukitembea leo Poli, Nkoaranga au Ilkiding'a ukashangaa jinsi nyumba zilivyosogeleana milimani, unatazama matokeo ya ramani iliyochorwa zaidi ya miaka 100 iliyopita. Na yule aliyekuwa anapanda kurina asali kwenye mizinga ya babu yake alianza kuitwa mwizi.

Nimeligeuza jambo hili kichwani mara nyingi, na sioni namna ya kulirahisisha. Bila ule mstari wa juu, huenda leo tusingekuwa na msitu wa kuandika habari zake. Idadi ya watu iliongezeka, ardhi ya chini ilikuwa imefungwa, na shoka lingeendelea kupanda mpaka kwenye mianzi. Hata hivyo mstari huo ulipata nguvu yake yote kutoka kwenye mstari wa chini. Kama tambarare zisingetwaliwa, watu wasingeusukuma msitu kwa kiasi kile. Walionyang'anywa bondeni ndio haohao waliolaumiwa mlimani. Ninaushukuru msitu uliobaki, na shukrani yangu hainizuii kuona gharama ilimwangukia nani.

Waingereza waliirithi mistari yote miwili, kisha wakataka kuinyoosha. Mwaka 1946 Jaji Mark Wilson alipewa kazi ya kuchunguza ardhi ya Arusha na Moshi. Mapendekezo yake yalitaka eneo la walowezi lisilokatizwa kati ya Meru na Kilimanjaro, kwa ajili ya ufugaji wa kisasa, na Wameru waliokuwa wakiishi na kuchunga Ngare Nanyuki walikuwa katikati ya ramani hiyo. Novemba 1951 serikali ilianza kuwahamisha kwa nguvu. Watu wapatao 3,000 walitolewa, nyumba zao zikachomwa moto, mifugo ikaswagwa. Walionyeshwa King'ori, chini kwenye joto na magonjwa, kuwa ndiyo fidia yao.

Walichofanya Wameru baada ya hapo kinastahili kusomwa na kila mtoto wa mkoa huu. Walichangishana fedha. Walimtuma mwenzao Kirilo Japhet, pamoja na wakili Earle Seaton, kwenye Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa huko New York, mwaka 1952, kwa kuwa Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa umoja huo na wakoloni walikuwa wameahidi mbele ya dunia kulinda haki za wenyeji. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mwananchi wa Tanganyika kusimama pale na kuwashitaki watawala wake. Katika Baraza Kuu azimio la kuwarudishia ardhi lilikosa theluthi mbili za kura zilizohitajika. Lakini Kirilo aliporudi alizunguka nchi akieleza yaliyotokea, na ilipoanzishwa TANU mwaka 1954 habari za Meru zilikuwa zimekwisha kusikika mbali na Meru. Mwaka 1967 yeye na Seaton walichapisha kitabu kizima juu ya kesi hiyo.

Wanaoandika juu ya Ngare Nanyuki huiita kesi ya ardhi, na ndivyo ilivyo. Mimi naisoma pia kuwa sura ya historia ya msitu. Mfugaji aliyefukuzwa kwenye nyasi za kaskazini hakuacha kuwa na ng'ombe. Ng'ombe hao walihitaji majani, na majani yaliyobaki yalikuwa kwenye vihamba vilivyobanana na kwenye ukingo wa miti mikubwa. Mpaka leo ukipita asubuhi kwenye njia za juu utawakuta akina mama wanashuka na mizigo ya majani kichwani, mizito kiasi kwamba huoni uso, unaona majani tu yanatembea. Ni ya ng'ombe wa ndani, wale wanaolishiwa zizini kwa kuwa hakuna tena mahali pa kuwachungia.

Muda mfupi kabla ya watu wa Ngare Nanyuki kufukuzwa, upande wa pili wa mlima, ardhi ilikuwa imepatikana kwa wageni. Tengeru, kando ya Ziwa Duluti, ilifunguliwa mwaka 1942 kambi ya wakimbizi wa Kipolandi, kubwa kuliko zote za Wapolandi barani Afrika. Walikuwa karibu 5,000, wengi wao wanawake na watoto. Serikali ya Stalin iliwatoa kwenye nyumba zao mwaka 1940 na 1941, ikawapeleka Siberia na kaskazini ya Urusi, ambako wengi walilazimishwa kukata magogo kwenye theluji. Walipoachiwa walipitia Uajemi, wakavuka bahari, wakaletwa hapa, wakajengewa vibanda vya mviringo vilivyoezekwa kwa majani. Makaburi yao, karibu 150, yako palepale Tengeru, safi na yenye misalaba.

Namfikiria mtoto wa kambi ile, ambaye msitu alioujua ulikuwa gereza la mama yake, akiteremka kwenye miti ya Duluti na kukuta hakuna anayempigia kelele. Sina kinyongo na mtoto huyo. Wapolandi walikuwa wamenyang'anywa kila kitu, na kupokewa kwao ni jambo jema lililofanyika katika ardhi ya Meru. Lakini haiwezekani kusahau kwamba serikali ileile iliyoweza kuwatafutia watu 5,000 mahali pa kukaa iliwafukuza 3,000 wengine kutoka kwao kabla kambi ile haijasahaulika.

Msitu wa Duluti ni mdogo mno. Hauzidi hekta 20, pete ya miti kuzunguka ziwa la kreta lisilo na mto unaoingia. Ni mabaki ya misitu ya chini ya mlima, ambayo mahali pengine imekwisha kuwa kahawa, mahindi, maua ya kusafirishwa Ulaya na nyumba. Kenge wanaota jua ukingoni, tumbili wanapora matunda, na mizizi ya miti mikubwa imeshika kingo za ziwa zisiporomoke. Jumamosi utakuta maharusi wanapigwa picha hapo. Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania wanausimamia, na mtu hulipa kiingilio kutembea kivulini. Watu wa mjini wanapenda kwenda. Ukiwa umekulia Ngarenaro au Unga Limited, huenda hapo ndipo mahali pa kwanza ulipowahi kusimama chini ya mti ambao hakuna aliyeupanda.

Miti iliyopandwa tunayo, na hadithi yake iko upande wa magharibi, Olmotonyi. Chuo cha misitu kilianzishwa hapo mwaka 1937, na vizazi vya mabwana misitu wa nchi hii vimepitia madarasa yake. Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine nacho kina msitu wake wa mafunzo hapohapo. Miteremko iliyokuwa na msitu wa asili ilivunwa, ikapandwa misindano na misaiprasi kutoka Mexico, migrivea na mikaratusi kutoka Australia. Ingia kwenye misaiprasi iliyokomaa. Mistari imenyooka, mwanga ni hafifu, chini kumetandazwa majani makavu yanayomeza sauti ya hatua, na ndege ni wachache. Kisha toka upande wa pili, kwenye kitalu kilichovunwa mwaka jana, na dunia inabadilika: jua kali, visiki, na kati ya visiki viazi mviringo, maharage na karoti, watu wamejikunja na majembe, redio inaimba.

Mpango ni huu. Mwanakijiji anapewa kipande cha kulima baada ya miti kuvunwa. Miche mipya inapandwa katikati ya mazao yake, naye anapopalilia viazi anaipalilia na miche. Baada ya miaka michache miti inafunga kivuli, mazao hayatoki tena, na mkulima anahamia kipande kingine, akipata. Serikali inapata msitu uliotunzwa bila kulipa vibarua. Mkulima anapata udongo ambao haujachoka. Sina ugomvi na mpango huu. Umelisha familia nyingi za Olmotonyi na Ilkiding'a. Linaloniumiza ni kumwona mtu akilima, msimu baada ya msimu, ardhi ambayo huenda babu yake aliitembea, akijua kwamba kadiri anavyoitunza vizuri ndivyo inavyomfukuza mapema.

Mbao za Olmotonyi zimeuokoa msitu wa asili, na hili lazima lisemwe. Seremala wa Unga Limited anayetengeneza kitanda leo anatumia msaiprasi uliopasuliwa kwa mashine ya dingdong. Kama ingekuwa lazima kitanda hicho kitoke kwenye loliondo au podo, miti hiyo ingebaki vitabuni. Lakini shamba la miti ya aina moja lina udhaifu wake. Miaka ya 1980 vidukari vya misaiprasi viliingia Afrika Mashariki kutoka kusini, na ndani ya miaka michache vilikausha misaiprasi kuanzia Malawi hadi Kenya. Msitu wenye aina nyingi za miti hauangamii wote kwa mdudu mmoja.

Kule mashariki mambo yalikwenda njia nyingine. Momella ilikuwa shamba la Margarete Trappe, mlowezi wa Kijerumani na mwindaji mashuhuri, aliyefika na mumewe mwaka 1907 na kufia hapo 1957. Baada ya kifo chake Hollywood ilikuja kupiga filamu ya *Hatari!*, iliyotoka 1962, na mmoja wa waigizaji wake, Hardy Krüger, akapenda mahali pale akanunua sehemu ya shamba. Wakati huohuo, mwaka 1960, Kreta ya Ngurdoto ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa. Mwaka uliofuata, katika mkutano wa uhifadhi uliofanyika hapahapa Arusha, Mwalimu Nyerere alitoa ile Ilani ya Arusha iliyotamka kwamba taifa linalozaliwa litawalinda wanyamapori na mapori yao kama amana. Mwaka 1967 mlima uliongezwa na jina likawa Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Na katika miaka ya 2000 sehemu kubwa ya msitu wa akiba ikaingizwa hifadhini.

Badiliko hilo la mwisho halikupigiwa sana kelele mjini, lakini vijijini lilihisiwa siku hiyohiyo. Msitu wa akiba una vibali: kuokota kuni kavu siku fulani, kukata majani, kutundika mizinga. Hifadhi ya taifa haina vibali vya namna hiyo. Mama aliyekuwa anaingia kwa kibali anasimama sasa nje ya mpaka. Kwa upande wa miti, badiliko limesaidia. Shoka limepungua, na nyati na mbega wamepata pa kupumulia. Kwa upande wa yule mama, ni mstari mwingine umeshuka.

Na sisi wa mjini tunakunywa kutoka humo. Themi, Naura, Burka, Nduruma, Malala, Usa: karibu kila mto unaotupitia unaanzia kwenye msitu wa kusini ya mlima. Mbele huko mito hiyo inaingia Kikuletwa, Kikuletwa inajaza bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutoka hapo maji yanakuwa mto Pangani, yanazungusha mitambo ya umeme ya Hale, yanafika baharini. Jiji lililohesabiwa kuwa na watu zaidi ya 600,000 katika sensa ya 2022 limechimba visima virefu mbali na mlima, kwa mradi mkubwa wa takribani shilingi bilioni 520 uliotokana na mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Chemchemi peke yake hazikutosha tena. Msitu nao hauwezi yote. Mwamba wa volkano unatia floraidi kwenye maji, na meno ya kahawia ya wenyeji wengi wa mashariki ya mlima ni ushahidi unaotembea. Ngurdoto kuna kituo cha utafiti wa kuiondoa. Kazi ya miti ni kuipokea mvua kwa upole, kuishusha ardhini na kuitoa polepole mpaka Septemba, wakati mawingu yameondoka. Mji huu umejengwa juu ya kazi hiyo, na kingo za Themi zinavyojaa takataka inapokatiza katikati yetu ni aibu kwa sisi tunaoinywa.

Watu wa Meru na Waarusha wanajua haya yote bila kufundishwa na semina. Washili na laigwanani, viongozi wao wa kimila, wapo, wana maneno yanayosikika kwenye vijiji ambako tangazo la serikali halisomwi. Hifadhi imekuwa ikijenga madarasa na zahanati kwa majirani zake, na ni vizuri. Ninachokitaka mimi hakihitaji saruji nyingi. Kwenye malango ya Ngongongare na Momella kuna mabango yanayoeleza wanyama, kreta, ndege, urefu wa kilele. Mgeni anaondoka akijua aina za heroe na hajui kwamba barabara aliyokuja nayo inaendelea hadi Ngare Nanyuki, ambako nyumba zilichomwa mwaka 1951. Liwekwe bango moja zaidi, kwa Kiswahili, kwa Kimeru na kwa Kimaa: Wakoningo walikuwa hapa, Wameru na Waarusha walifyeka na kutunza hapa, mstari huu ulichorwa lini na nani. Jina la Kirilo Japhet liwemo, kwa herufi kubwa kama zile za orodha ya viingilio. Na wazee wanaopanda kuuendea oreteti au chemchemi ya maombi wafunguliwe lango wakisema wanakokwenda.